Ushauri Ni Bure

"Swali la mwisho kabisa, fundi," alisema Ottmar kwenye simu ya mezani. Lilikuwa la nne tangu asubuhi.

Gundolf Knöpfle, mwenye duka la treni ndogo za kuchezea, alibana mkonga wa simu kati ya sikio na bega, maana mikono ilikuwa kazini: mmoja umeshika kichwa cha treni kinachoenea kiganjani, mwingine bisibisi nyembamba kama njiti.

"Kinanguruma kikipanda mlima? Usikifungue. Kitie tone la mafuta kwenye ekseli ya nyuma. Tone, Ottmar, siyo kijiko! Halafu kizungushe nusu saa bila mabehewa."

"Tone moja... ekseli ya nyuma... nusu saa," Ottmar alirudia polepole, kama mtu anayeandika. "Mungu akuweke."

Gundolf akakata simu akitikisa kichwa. Treni za Ottmar zilikuwa zinaugua kuliko watoto wa chekechea. Tangu astaafu kazi ya benki na kuhamia kwa binti yake, mtu wa kompyuta, haipiti siku bila moja kushikwa na homa. Na dukani Ottmar hanunui kitu ila kichupa kimoja cha mafuta kwa mwezi. Lakini Gundolf hakumwekea kinyongo. Juu ya mlango marehemu baba yake alipigilia kibao mwaka 1961: USHAURI NI BURE. Isitoshe, siku hizi nani mwingine anapiga? Mji mzima wa Esslingen ulishahamia Reli Chapu.

Reli Chapu lilikuwa duka la mtandaoni. Halina dirisha la kuchungulia, halina kengele mlangoni, halina hata reli ya kujaribia. Reli ya kujaribia ilikuwa ya Gundolf. Wateja waliingia kwake, wakazungusha treni hadi zikapata moto, wakashukuru sana, kisha wakaenda kuagiza ileile Reli Chapu wakiwa wamejilaza kwenye kochi.

"Bei ningeivumilia," alimwambia mkewe, Roswitha, aliyekuwa akifuta vumbi kwenye maboksi. "Kinachoniua ni hiki. Soma maoni yao."

Roswitha akavaa miwani, akasoma kwenye simu yake ya mkononi. "'Nyota tano! Treni yangu iliruka reli mwaka mzima, mtaalamu wao akaiponya kwa sentensi moja.' Mwingine huyu: 'Mtaalamu wa Reli Chapu anazijua treni kuliko waliozitengeneza.' Wee! Wako wengi hawa, baba."

"Nimewasoma wote."

"Wote?"

"Mara mbili." Gundolf akaweka bisibisi chini. "Sikiliza, Roswitha. Hili duka lina kitu kimoja tu ambacho mtandao hauna, nacho ni akili yangu. Kama huko yupo anayenizidi, basi Ijumaa tunafunga. Chumba achukue yule dada wa saluni ya kucha."

Dada wa kucha alishapita mara tatu kupima kuta kwa macho. Alishachagua na rangi. Waridi.

"Na kama hakuzidi?"

"Nitabaki hapa mpaka mnitoe kwa behewa la mizigo."

Roswitha akamsukumia simu. "Unalalamika nini sasa? Mpigie, umpime."

Kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, Gundolf alitabasamu. Aliujua mtego wenyewe: ugonjwa ambao haupo. Tapeli atamwandikia dawa. Bingwa wa kweli atacheka.

Msichana mwenye sauti tamu akapokea. "Reli Chapu, karibu."

Gundolf akaibana sauti mpaka akawa kama mbuzi mwenye mafua. "Binti, nina kichwa cha treni cha kijani. Kikitoka kwenye handaki kinarudi kinyumenyume, lakini siku za mvua tu. Na kikimpita ng'ombe wa plastiki, kinapiga honi mara mbili."

Roswitha akajiziba mdomo kwa kitambaa cha vumbi, akapiga chafya.

"Ng'ombe wa rangi gani, mzee?" msichana akauliza, hana hata chembe ya utani.

"Wa... madoadoa."

"Subiri kidogo kwenye laini, nimuulize mtaalamu wetu."

Ukaanza muziki, kodiani ikipiga kipande kilekile, kikiisha kinaanza upya. Gundolf akaweka simu kwenye spika, akailaza juu ya kaunta. Miaka arobaini ya kuponya treni za watu, na leo anahukumiwa na ng'ombe wa plastiki.

"Akicheka," akanong'ona, "tumekwisha."

"Akicheka, mume wangu, nitampikia dengu na tambi. Nimetamani siku nyingi uwe na mwenzio wa kuongea naye hayo mambo."

Simu ya mezani ikalia.

"Siyo sasa!" Gundolf akafoka. Lakini mkono uliolelewa chini ya kile kibao ulishanyanyua mkonga.

"Fundi, nisamehe, hili kweli la mwisho," alisema Ottmar akihema, kama aliyepanda ngazi mbio. "Nina kichwa cha treni, cha kijani. Sasa, siku za mvua, kikitoka handakini..."

Juu ya kaunta, kodiani ikaanza upya.

"...na kuna ng'ombe, fundi. Wa madoadoa. Hivi inawezekana kweli?"

Roswitha alikuwa ameketi juu ya boksi la mabehewa, machozi yakimtoka, mbavu hana. Gundolf akatazama simu moja, akatazama ya pili, kisha akainua macho hadi kwenye kibao cha baba yake.

"Ottmar," akasema, kwa sauti yake halisi. "Kwanza mwambie binti yako azime hiyo kodiani. Sikio linaniuma."