Mishumaa ya Mazali

Kwa miaka thelathini na nane Mazali aliipokea Sabato gizani. Marehemu mumewe, Muradi, alikuwa Mkaraiti, Myahudi anayefuata Torati peke yake bila mapokeo ya marabi, na kwao moto hauwaki nyumbani siku hiyo. Mama yake Mazali, aliyewafuata marabi, aliwasha mishumaa miwili kila Ijumaa kabla ya jua kutua, Sabato inapoingia.

Ijumaa ya kwanza baada ya matanga, dada yake Zakia alimletea mishumaa.

"Washa, mdogo wangu. Umekaa gizani vya kutosha."

"Naona kama namkosea Muradi."

"Kwani Mungu si yuleyule mmoja?"

"Ni yuleyule, dada. Tulichotofautiana ni taa tu."

Zakia akawahi nyumbani kwake kabla ya jua kutua. Mazali akawasha, akafunika macho kwa viganja, akasema baraka. Alipoviondoa viganja, akakiona kiti cha Muradi ng'ambo ya meza, kitupu. Gizani angeweza kumsemesha.

Alitaka kuizima. Lakini kwa baraka ile Sabato ilikwishaingia, na kwa sheria ya marabi moto hauzimwi siku hiyo. Akabaki ameketi, akikitazama kiti, nta ikidondoka taratibu.