Chanuo la Jumamosi

Munezero alipoketi kwenye majani katikati ya magoti ya mama yake, kama kila Jumamosi kule kambini Nakivale kabla ya ibada ya kesho yake, mama alitoa chanuo.

Mama alikuwa amepanda mlima kwa bodaboda kutoka Mbarara hadi konventi hii ya kale ya masista msituni kwa nia moja: amsuke binti, amvishe gauni, amrudishe nyumbani. Ukoo mzima ni Waprotestanti. Usista huu ulitoka wapi?

“Toa hiyo kitambara, nikusuke.”

Binti alisita, kisha akakivua kitambaa chake cheupe.

Kichwa kilikuwa kimenyolewa. Kwao, mwanamke hunyolewa akifiwa.

“Nani alikufa?” mama aliuliza.

“Hakuna mutu alikufa, mama. Niko muzuri.”

Mama alikiinamia kichwa. Nyuma ya sikio, lile kovu dogo la utotoni lilikuwa palepale. Alimimina mafuta kiganjani, akampaka kichwa chote polepole, kama alivyompaka alipokuwa mchanga.

Kengele ya sala ikalia. Munezero hakuinuka.

Mama akarudisha chanuo kwenye begi, akaokota kitambaa, akakikung’uta majani.

“Hii,” aliuliza akikiweka juu ya kichwa cha binti, “banafungaka namna gani?”