Chembe ya Biskuti

"Unga wa mwokaji wa kona umeingiwa na sumu ya panya."

Maneno hayo mama mmoja aliyasikia kwenye foleni ya bomba, wiki mbili kabla ya Krismasi. Aliyesema hakumjua. Alijitwika ndoo akaenda zake, lakini maneno yalimfuata mpaka jikoni, yakakaa. Akiosha vyombo, yapo. Akimnyonyesha Bonge, mwanawe wa miezi mitano, yapo. Usimcheke, mama mwenzangu. Ungekuwa wewe, ungelala?

Akaapa kwamba mwaka huu kitu cha kuokwa na wengine hakitapita mlangoni kwake.

Kuoka kwenyewe hakukumshinda. Unga aliuchekecha mara tatu. Mayai aliyatumbukiza majini moja moja, lililoelea alilitupa. Sukari hakuitaka, maana nani ajuaye imepita mikono mingapi? Alinunua asali mbichi, kopo zima, kwa mrina asali mwenyewe. Hiyo ndiyo aliyotia kwenye biskuti, kwenye peremende za maziwa, hata kwenye chupa za tangawizi na ndimu alizozipanga chini ya meza zikingoja wageni. Ni kukanda, kubonyeza kwa uma, kuchoma, basi.

Siku zote hizo Bonge alikuwa mgongoni. Akilia, mama alichovya kidole kwenye kopo, akakipitisha juu ya bega, mtoto akanyonya, akatulia.

"Wewe ndiye mwonjaji wangu," alimwambia. "Cha mama hakina hila."

Siku chache kabla ya sikukuu, choo kilimgomea Bonge. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna. Watoto ndivyo walivyo, mama alijisemea, akamwongezea kidole cha jioni kimlainishe tumbo.

Ndipo wifi yake alipokuja na boksi lenye utepe mwekundu.

"Hodi humu! Mnaoka au mnafuga nyuki?"

"Karibu, wifi. Hilo boksi la nini?"

"Biskuti za mwokaji wa kona. Usije ukasema ndugu wa mume wako wanatembea mikono mitupu."

Mama alimkabidhi mtoto, akainama kutoa sinia kwenye oveni. Alipoinuka, Bonge alikuwa anatafuna kwa ufizi, na pembeni mwa mdomo kulikuwa na unga wa biskuti.

"Umempa nini?"

"Chembe tu, wifi! Hata sisimizi angelala njaa."

Alimpokonya mtoto, akamchokoa mdomo kwa kidole. Haikuwemo. Ilikwisha kwenda.

Kesho yake asubuhi kope za Bonge zilikataa kufunguka sawasawa. Kufika saa nne alishindwa kunyonya, maziwa yakamtoka kando ya mdomo. Kilio chake, ambacho majirani walikiita king'ora, kilikuwa kama cha paka mchanga. Mama alimkalisha mapajani. Shingo ikaanguka kama ya mdoli wa matambara.

"Usinifanyie hivi, Bonge. Nililie nisikie. Lia kama jana."

Akatia vitu viwili kwenye kikapu: boksi la wifi, liwe ushahidi, na kopo lake la asali, liwe dawa ya njiani. Akatoka mbio na kanga moja. Wifi alimkuta barabarani.

"Wifi, kuna nini? Mtoto ana nini?"

"Unaniuliza mimi? Umeniulia mtoto kwa biskuti za utepe! Akifa huyu, hata msibani usije."

Wifi alivua viatu, akapokea kikapu, wakakimbia pamoja. Kwenye geti la hospitali mama alisimama kidogo tu, akampaka mtoto asali ulimini apate nguvu ya kufika.

Wauguzi walimwekea Bonge mipira ya hewa puani. Daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani, aliuinua mkono wa mtoto akauachia. Ukaanguka.

"Amekula nini?"

"Sumu ya panya, daktari. Imo humu." Mama akamsukumia boksi.

"Nani amesema ina sumu?"

"Watu. Kwenye bomba."

"Na nani mwingine amekula hizi?"

"Mimi," wifi alisema kwa sauti ndogo. "Na wanangu wanne. Juzi tulimaliza boksi zima."

"Wanaumwa?"

"Wanalia wanataka nyingine."

Daktari alilifunga boksi, akalitazama kopo lililobaki kikapuni.

"Na hilo?"

"Hilo ni asali, dawa yake. Safi kabisa, halijaguswa na mkono wa mtu ila wangu. Asingekuwa nalo, angekuwa ameshakwenda."

"Unampa tangu lini?"

"Tangu niliposikia habari za mwokaji. Kila siku. Hata sasa hivi hapo getini."

Daktari aliacha kuandika. Akamwita muuguzi mkuu, wakanong'ona, na kitanda cha Bonge kikaanza kusukumwa kwenda chumba chenye mashine ya kupumulia. Mama alikifuata ameshika upande wa chuma mpaka mlango ukamzuia.

"Mmewahi," daktari alimwambia. "Lakini atakaa kwetu wiki nyingi. Hii isome, mama. Uibandike jikoni."

Aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Alisoma polepole kama alivyofundishwa darasa la tatu, kidole kikifuata mstari, akilitafuta neno sumu, akilitafuta jina la mwokaji.

*Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe vitu hivi, huweza kuwa na vijidudu vya kulegeza misuli na kukata pumzi:*

*Asali mbichi.*

*Asali iliyochemshwa.*

*Tangawizi yenye asali.*

*Biskuti na peremende za asali, hata chembe.*

*Kidole cha mama kilichochovywa kwenye asali.*