Cucu Waceke Anakana

Cucu Waceke alipokiri kosa lake kwa Kikuyu, kwa mara ya tatu, Bedan mkalimani alimgeukia Bwana Hakimu na kumwambia, kwa Kiingereza safi, kwamba mshtakiwa bado anakana.

Bwana Hakimu alikohoa ndani ya kitambaa chake, akaandika.

Ilikuwa Ijumaa katika mahakama ya Thika, na kisa chenyewe kilikuwa kiondo kimoja cha kahawa kutoka shamba la mzungu mmoja wa Ruiru. Sheria ya miaka ile ya ukoloni haikuwa na mchezo. Aliyepatikana na kahawa ya shamba alifungwa miaka miwili, na hakimu hakuruhusiwa kupunguza hata siku moja, mshtakiwa awe jambazi au ajuza. Bedan alikuwa amewatafsiria watu hiyo miaka miwili mara nyingi mno. Aliichukia sheria hiyo kwa moyo wake wote.

Sasa ilikuwa inakufa. Kuanzia Jumatatu, hakimu angempa kila mtu adhabu anayoona inamfaa. Kilichotakiwa ni Cucu akane tu. Akikana, ingebidi aitwe shahidi, yaani yule askari aliyempokea kituoni, naye alikuwa kazini Ruiru mpaka Jumatatu. Akikiri, angelala gerezani leo leo, na wajukuu waliomwita Cucu, yaani nyanya, wangebaki bila mtu wa kuwapikia.

Shida ni kwamba Cucu Waceke alikuwa ameokoka. Watu wa wokovu wa siku zile hawakuficha dhambi. Walizianika mbele za watu kama nguo kwenye kamba. Hakuna aliyemwona akichukua ile kahawa. Alisimama mwenyewe kanisani akaisema, kisha akabeba kiondo mgongoni akakipeleka polisi.

Asubuhi ile, kabla kesi haijaitwa, Bedan alimvuta kando akamsihi akane mpaka Jumatatu tu. Cucu alimtazama kwa huruma na kumwahidi kwamba atamwombea.

Basi ikabidi Bedan amkanie. Aliogopa sana. Alikuwa ameapa kutafsiri kweli tupu, na kudanganya mahakama nako kulikuwa na jela yake. Alichojipa moyo nacho ni kwamba hakimu huyu wa kizungu alikuwa amehamishiwa Thika mwezi uo huo, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno lisilo la Kiingereza.

Sajini Tobias, aliyeongoza mashtaka, hakuridhika. Alikuwa mtu wa Kisumu na Kikuyu hakukijua, lakini macho alikuwa nayo.

"Muulize tena," akasema. "Kama anakataa, mbona anapigapiga hiyo kiondo akicheka?"

Ukweli ni kwamba Cucu alikuwa anaeleza jinsi alivyokisuka mwenyewe, na kwamba hakuna kiondo kama hicho soko zima. Bedan alisema mama anacheka kwa sababu kiondo kibaya namna hiyo hakiwezi kuwa chake. Hata hivyo akamuuliza tena, kwa kuwa Tobias alikuwa amemkazia macho.

"Nilichukua, kwa mkono huu," Cucu akajibu, akiuinua mkono wa kulia. "Na ule mwaka wa nzige nilichukua kuku wa misheni. Naye nimemtubu."

Kikohozi kilimshika Bwana Hakimu, ikabidi ainame chini ya meza kutafuta kalamu.

"Anasema mkono wake haujawahi kugusa kahawa ya mtu," Bedan akatafsiri. "Anaongeza kwamba hata kuku hafugi."

Hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika. Kwenye mabenchi ya nyuma walikaa ndugu zake wa wokovu, na desturi yao ni kwamba mtu akitubu, wenzake humwimbia. Toba tatu za kwanza walijizuia. Hii ya nne, pamoja na kuku, iliwashinda. Wakasimama wote, wakapiga makofi na kuimba kwa sauti ya kutikisa madirisha.

Tobias aliruka kutoka kitini. Akataka kujua watu hawa wanashangilia nini, ikiwa mshtakiwa amekana.

Jasho lilimtoka Bedan. Akasema jambo la kwanza lililomjia.

"Wanamwombea Malkia afya njema, Mheshimiwa."

Bwana Hakimu akasimama wima. Kwa kuwa hakimu amesimama, Tobias naye akasimama, akapiga saluti, wakabaki hivyo mpaka ubeti wa mwisho. Halafu Bwana Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amekana, akaahirisha kesi mpaka Jumatatu na kumruhusu Cucu akalale kwake. Bedan alirudi nyumbani Makongeni akijiona mjanja kuliko watu wote wa Thika.

Jumatatu askari wa Ruiru alifika, lakini hakuhitajika. Cucu alikiri hata kabla ya kuulizwa, na safari hii Bedan alitafsiri kila neno, pamoja na kuku. Bwana Hakimu aliisoma sheria mpya polepole. Akamhukumu Cucu kifungo cha kukaa humo humo ndani mpaka mahakama itakapoinuka. Kisha akafunga kitabu na kuinuka, na kifungo kikaishia hapo.

Cucu alibaki kizimbani, hajui kama amefungwa au amefunguliwa. Bedan alifungua kinywa amweleze, lakini Bwana Hakimu alimzuia kwa mkono, akaegemea meza na kumtazama yule mama.

"Cucu, nenda nyumbani," akasema, kwa Kikuyu laini cha mtoto aliyebebwa mgongoni na yaya wa Ruiru. "Na wale waimbaji wako, waambie Malkia anashukuru."