Friza ya Mayungiyungi

Shemsa alifungua friza ya maabara, akakuta mapaja ya mbuzi. Damu ilikuwa imegandia kwenye lebo alizoziandika mwenyewe, majina ya mayungiyungi yasiyoota tena popote.

“Vichipukizi vyangu viko wapi?”

“Nimevitoa tangu jana, dada, nyama ya mgeni rasmi isije ikaharibika,” alisema Lubango, mpishi.

“Mgeni anakuja kuona hivyo vichipukizi!”

Lubango alionyesha ndoo chini ya sinki. Mle ndani vilikuwa vimeyeyuka vyote, vikawa uteute wa kijani unaonuka kama mtaro.

Nje, vigelegele vya kumpokea mgeni vilianza.

Shemsa alichukua sahani nyeupe ya wageni, akachota uteute ikajaa, akaifunika kwa kawa, akaibeba kwenda meza kuu.