Silinda Moja ya Nta

Fakhria aliishika sindano juu kidogo ya nta, wala hakuishusha.

Ami yake alikuwa ameinamia bomba la ile mashine ya kale ya kunasa sauti, akisimulia habari za ukoo ili wajukuu waje wazisikie. Mate yalimruka yakatua kwenye shaba ya bomba. Silinda ilikuwa moja tu, ya nta ya nyuki kutoka Sikonge, nayo ilizunguka bila hata mkwaruzo. Maneno yote yalipotea hewani, na mzee hakujua.

"Misafara ya babu yetu ilitoka hapa Tabora hadi pwani," alisema. "Watu walibeba pembe kwa hiari yao, wakiimba."

Fakhria aliona hata nta ingeona kinyaa kuubeba uongo ule.

"Kwa hiari?" Shangazi alicheka mlangoni, ameshika sinia ya kahawa. "Na zile pete za chuma ukutani, kule chumba cha nyuma, zilikuwa za kufungia mbuzi?"

"Nyamaza, dada. Mashine inasikia."

Fakhria akashusha sindano. Uzi mwembamba wa nta ukaanza kujikunja.

"Shangazi," alisema taratibu, "sogea karibu na bomba."