Kiapo Kilichogongana na Ndege

Nereida aliifukia pasipoti ya mumewe ndani ya friza, chini ya mifuko ya mbaazi, akanawa mikono, kisha akaenda saluni kutengeneza nywele.

"Umeificha?" Fiordaliza, mwenye saluni, alimuuliza hata kabla hajamfunga taulo shingoni. Wadominika wote wa mtaa wa Washington Heights walishajua habari hiyo, kwa sababu Fiordaliza alikuwa anaijua.

Radhamés, mume wa Nereida, alikuwa ameitwa kula kiapo cha uraia wa Marekani siku ya Ijumaa. Na Ijumaa hiyohiyo alikuwa na tiketi ya ndege ya kwenda kwao, mji wa Moca, katika nchi ya Wadominika. Hii ilikuwa mara ya tatu. Kila kiapo kikikaribia, safari inazuka. Kila safari ikizuka, kiapo kinaahirishwa.

"Barua imekuja Jumatatu ya wiki iliyopita, tiketi kakata Jumatano yake," Nereida alisema. "Namuuliza, unaenda kufanya nini? Ati, 'Kumwona mama.'"

Saluni nzima iliangua kicheko, hadi waliokuwa chini ya mashine za kukaushia nywele, ambao hata hawakusikia vizuri.

"Mama!" Fiordaliza alijipiga paja kwa kitana. "Wangu naye alikuwa na mama yake huko Baní. Nikaenda kumwona huyo mama: kaptura hapa, kitovu nje, hata thelathini hajafika. Shoga, amka! Huyo mwanamke wa mumeo anakiogopa kiapo. Anajua mwanamume akishaapa, ndiyo kafungwa huku kwako. Tarehe ikitoka tu, anamvuta kamba."

"Si umpigie mama mkwe umuulize?" mteja mmoja alidakia.

Nereida alimtazama kwenye kioo kana kwamba ametukanwa. Yeye na Bi Tomasina hawakuwa wamesemezana tangu wiki ile ya fungate waliyokaa Moca, bibi huyo alipoonja wali wake mbele ya wageni, akaweka kijiko chini, akauomba mchele msamaha. Radhamés alilijua hilo fika. Ndiyo maana, Nereida aliwaza, mjanja yule kachagua kisingizio ambacho mkewe hawezi kukihakikisha.

Isitoshe, alikuwa amemsikia kwa masikio yake mwenyewe. Jumapili asubuhi, Radhamés kajifungia bafuni, maji kayafungulia kwa nguvu, simu sikioni: "Usilie, malkia wangu. Tarehe zimegongana tena, nifanyeje? Kati ya kiapo na wewe, nimekuchagua wewe."

Nereida alisimama nje ya mlango na sahani ya ndizi za kuponda mkononi. Ndizi zilipoa. Yeye hakupoa.

Alhamisi jioni Radhamés aliipindua nyumba. Makabati, droo, chini ya godoro, hadi ndani ya viatu.

"Nere, pasipoti yangu umeiona?"

"Sijaiona. Labda Mungu anataka ukaape."

"Mke wangu, hujui unalolifanya."

"Nalijua sana. Barua imesema ukikosa tena, faili linafungwa."

"Na lifungwe!" alisema, na uso wake ukang'aa kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Nereida alishika kiuno. Mtu aliyekariri maswali ya historia ya mtihani wa uraia huku akipanga makopo dukani, leo anafurahia faili lifungwe! Huyo mwanamke kamlisha nini? Alishamwona kichwani mwake: mrefu, kiuno cha nyigu, meno yote mdomoni, amejipulizia marashi aliyonunuliwa kwa pesa za duka lao.

Ijumaa alimfunga tai mwenyewe, akaikaza kidogo kuliko inavyotakiwa. Nusu ya saluni ilifuatana nao, vibendera mkononi, nywele zimelala vizuri. Pale mlangoni pa ukumbi Radhamés aliitoa kadi yake ya ukaazi kama mtu anayemkabidhi mwizi pochi. Aliponyanyua mkono wa kulia, jasho lilimtiririka hadi kwenye kola. Nereida aliifuata midomo yake neno kwa neno, asije akaruka hata moja. Moyoni aliona kama anaolewa upya, na yule mwingine amefungiwa nje.

Walipotoka, Fiordaliza alianza kugawa sambusa za nyama pale pale kwenye ngazi. Simu ya Radhamés ikalia. Kwenye kioo hakukuwa na jina, ila picha ya taji. Aliitazama, akataka kuirudisha mfukoni, lakini mkono wa Nereida ulikuwa umeshafika.

"Sikiliza wewe malkia," alisema kwa sauti ya kusikika hadi upande wa pili wa barabara. "Umechelewa! Ameshaapa. Ni raia sasa, na haji huko tena. Mwenyewe ni mimi!"

Saluni ilipiga vigelegele. Radhamés alijiketisha kwenye ngazi, akashika kichwa kwa mikono miwili.

 Kule kwenye simu kikasikika kicheko cha kizee, kikohozi, halafu kilio cha furaha.

"Nereida? Ni wewe, mwanangu? Mungu akubariki! Miaka yote hii namwambia apa, apa, maana ni raia tu anayeruhusiwa kumleta mama yake, na kila mara tarehe inagongana na safari ya kuja kuniona!" Bi Tomasina alipenga kamasi. "Mwambie aanze karatasi zangu leo hii. Na chumba nakitaka kile cha karibu na jiko, kwa sababu siji kutembea, binti yangu. Nakuja kukaa."